Tulivyomleta Mjapani Bombambili

Tangu tumerudi sijamaliza kushona hata sketi moja. Kila anayeingia na kitambaa chake anakaa kwenye benchi, anasahau alichokuja kupimwa, anauliza, "Hebu Skola, tueleze, ilikuwaje huko njiani?" Nikianza kumweleza Gaudensia, anaingia Kandida, inabidi nirudi mwanzo. Basi nimeamua kuandika. Someni, mpeane, halafu mniache nimalize sare za kwaya, maana mwalimu wa kwaya ameshaanza kuninunia.

Mambo ya bandari, mihuri na karatasi nayaruka, kwa sababu hata mimi sikuyaelewa. Lakini lazima mjue kwanza nilikwenda kufanya nini. Baba yangu mnamfahamu: maisha yake yote ya kazi alikuwa dereva wa serikali, mpaka walipopunguzwa yeye na wenzake. Tangu siku ile hakuwa mtu. Asubuhi ananyoa ndevu, anavaa lile koti lake la kazi, kisha anakaa uani anatazama ukuta. Mtu akimsalimia anaitikia kwa kichwa tu. Sisi watoto tulijifanya hatuoni, lakini tuliona.

Ndipo kaka yangu Osmundi, aliyeko Dar, akaleta barua. Magari ya mitumba ya Japani yalikuwa yanamwagika bandarini tangu mambo yawe ruksa, naye alitaka kununua gari dogo lifanye teksi hapa Songea. Baba aende, alichague mwenyewe. Sharti lilikuwa moja tu: Baba alilete kwa mkono wake, kutoka Dar mpaka nyumbani. Akilifikisha, dereva wa teksi ni yeye. Akishindwa, Osmundi atatafuta dereva mwingine. Eti umri wa Baba umekwenda na magari ya siku hizi siyo yale aliyoyazoea. Hivyo ndivyo alivyoandika, kwa peni nyekundu, huyo mtoto wa kiume wa nyumba ile!

Baba aliisoma mara mbili, akaikunja. "Mtoto ananipa mtihani," akasema. Mama akanivuta nyuma ya nyumba. "Nenda naye, Skola. Mzee huyu akirudi bila usukani, hatafika Pasaka."

Kwa hiyo nilikwenda. Nilifunga cherehani yangu kwa shuka, tukapanda basi.

Dar: kwenye yadi

Jamani! Mimi niliyezoea kuona gari moja likipita Bombambili na watoto wakilikimbilia, siku ile niliona magari yamepangwa safu kwa safu kama watoto wa Komunyo ya Kwanza, yote yameangalia upande mmoja, yote yanang'aa. Juani macho yaliniuma. Kwenye vioo kulikuwa na karatasi za maandishi ya Kijapani, kama kuku aliyekanyaga tope amepita juu yake. Nikasimama pale nimeshika mkoba wangu, mdomo wazi, mpaka Osmundi akanifinya: "Skola, unatuaibisha."

Dalali aliyetupokea alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya kufuma, jina lake Salumu, mcheshi sana. "Shikamoo mzee. Karibu Japani. Unataka gari la sura au gari la kazi?"

"Marahaba. Nataka gari la kurudi nyumbani," Baba akajibu.

Lazima niwaambie kwamba Baba haiti gari kwa jina lililoandikwa kwenye boneti. Anaita kwa kabila. Kwake yuko Mwingereza, yuko Mfaransa, yuko Mjerumani, na kila mmoja ana tabia zake kama wakwe. Mwingereza, ndiye aliyemwendesha maisha yake yote, ana sura ya sanduku la mbao, hana hata kona moja ya kupendeza, lakini tangi likitoboka unaziba kwa sabuni ya mche na unafika. Mfaransa ni mzuri, ana kiuno, ukikaa ndani yake hutaki kushuka, ila spea zake zikikosekana utazeeka ukizingoja. Mjerumani yule mdogo wa mviringo hanywi maji kabisa, injini ameiweka mgongoni, na Baba anamheshimu kama mtu asiyependa maneno. Kuhusu Mjapani, Baba hakuwa na maoni. Alikuwa amemwona akipita tu.

Basi akaanza kuwakagua. Saa nzima! Akafika kwenye gari moja la rangi ya fedha, taa zake za nyuma ndefu nyekundu kama peremende, akalizunguka mara tatu. Kisha akavua koti, akanipa, akalala chali mchangani akaingia chini yake. Tukabaki tunaona viatu.

"Halivuji," sauti yake ikatoka huko.

"Halivuji mzee, wala tone," akasema Salumu.

"Basi halina oili."

Salumu alicheka mpaka akashikilia kioo cha pembeni. Akafungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akamwonyesha. Oili ilikuwa safi, nyepesi, rangi ya asali. Baba aliinusa. Akaipaka kwenye vidole akaisugua. Kisha akainusa tena.

Ndani ndiyo usiseme. Viti vya kitambaa laini, mimi fundi nikavishika kwanza mshono, nikatafuta kasoro, sikuiona. Vioo vinapanda na kushuka kwa kubonyeza. Halafu kulikuwa na saa ya namba za kijani, inaandika saa nne na dakika kumi. Baba akatazama saa yake ya mkononi. Yake, kama za watu wote, akrabu inaonyesha kumi, inabidi uigeuze kichwani iwe nne. Ya gari iliandika 4:10, moja kwa moja, bila kugeuza.

"Skola," akaninong'oneza, "Mjapani anahesabu saa kama sisi."

Nikasisimka mwili mzima. Nilidhani nimegundua ndugu waliopotea.

Shida ikaja alipotazama chini. Pedali zilikuwa mbili. "Klachi iko wapi?"

"Halina klachi mzee. Hili linafikiri lenyewe."

"Likifikiri lenyewe, mimi nafanya nini?"

Salumu akaeleza ule mkono wa gia wenye herufi: hapa unawasha, hapa unarudi nyuma, hapa unakwenda. Baba alikuwa ameshakwenda kupiga mateke matairi. Mimi ndiye niliyesikiliza. Nikamwomba arudie, akarudia mara tatu, nikaona ni rahisi kuliko cherehani yangu. Osmundi akaniuliza kwa kejeli kama na mimi nataka moja. Nikamwambia akae kimya.

Dar hadi Morogoro: mguu wa kushoto

Baba alilichagua lile la fedha. Tuliondoka alfajiri. Osmundi alimpa ufunguo kwa mikono miwili, lakini macho yake yalikuwa na wasiwasi, na Baba aliona.

Sasa, mtu aliyekanyaga klachi miaka yote hiyo, mguu wake wa kushoto una akili zake. Kila Baba alipotaka kupunguza mwendo, mguu ule ulishuka kwa nguvu zote kutafuta klachi, ukakuta breki. Paaa! Kabla ya Kibaha nilikuwa nimeshapiga paji la uso mara tatu. Lori lililokuwa nyuma yetu lilipiga honi ndefu, na utingo wake akatutolea maneno ambayo siwezi kuyaandika, wengine mnasoma mbele ya watoto.

Baba akasimamisha gari pembeni. Alitoka jasho. Nilidhani atasema turudi, na ningemwambia nini Mama? Badala yake akainama, akavua kiatu cha kushoto, akakitupa kiti cha nyuma, akaukunja ule mguu chini ya kiti.

"Huu ushike adabu," akasema.

Tukaenda hivyo mpaka Morogoro, Baba na kiatu kimoja. Polisi wa barabarani aliyetusimamisha Chalinze alichungulia ndani, akaona soksi, akafungua mdomo, akaufunga, akaturuhusu.

Mikumi: kengele ya saa sita

Morogoro tulimpakia Sista mmoja aliyekuwa amekwama njiani, anaelekea Iringa. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele, amina." Mwalimu wa jiografia, mnene, mchangamfu, ana kikapu cha ndizi mbivu alizotulisha bila kutuuliza kama tuna njaa.

Mikumi barabara inanyooka katikati ya mbuga. Niliona twiga! Kumi na mmoja, niliwahesabu, wanavuka taratibu kama wenye nchi, na wenye nchi ni wao kweli. Baba alisimama kuwapisha, akavua kofia. Kisha njia ikawa tupu mbele yetu, na Mjapani akaanza kwenda. Sijui niwaelezeje. Mwingereza akienda unajua anakwenda: kila msumari unalalamika. Huyu alikwenda kimya. Miti ilipita, nyasi zilipita, na ndizi mkononi mwangu haikutikisika.

Ghafla, ndani ya gari, ikalia kengele. Ting-tong. Ting-tong. Ting-tong.

Sista akatazama ile saa ya kijani. Ilikuwa 6:00 kamili. "Mungu wangu, hata gari linakumbuka!" akasema, akafanya ishara ya msalaba, akaanza sala ya Malaika wa Bwana. Nami nikaitikia. Baba akapunguza mwendo kwa heshima, na kengele ikanyamaza. Nikahisi nywele zinanisimama. Gari linalosali!

Tulipomaliza Baba akakanyaga tena. Ting-tong, ting-tong. Saa ilikuwa imeandika 6:07. Sala ya saa sita na dakika saba haipo, hata Sista hakuijua. Baba akasimama, akafungua boneti katikati ya mbuga, nyati wako pale karibu wanatutazama, mimi ninapiga kelele, "Baba, rudi ndani!" Kila kitu kilikuwa kizima. Ni Sista aliyegundua mwishowe, kwa kuangalia mshale wa mwendo: "Mzee, linalia ukipita mia."

"Nani amelituma linichunge?" Baba akauliza. Lakini alitabasamu, na mimi nilikuwa sijaona tabasamu lile tangu apunguzwe.

Kuhusu saa, Sista alitucheka kwa upole. Wajapani hawahesabu kama sisi. Kwao, alisema, muda huu ni saa kumi na mbili jioni, jua linazama. Gari bado lina saa ya nyumbani kwao. Imetokea tu ikalingana na yetu. Baba akaitazama tena ile saa. "Ina maana aliyeliendesha mwanzo," akasema, "sasa hivi anakula chakula cha usiku." Tukamfikiria wote watatu, yule mtu tusiyemjua, mpaka mbuga ikaisha.

Kitonga: mkutano wa mataifa

Ruaha Mbuyuni tulikula ugali na kuku wa kukaanga, tukanunua vitunguu vingi kuliko akili zetu. Gari lilinuka vitunguu mpaka mwisho wa safari.

Kisha Kitonga. Ambaye hajapanda Kitonga hajui mlima. Barabara imebandikwa ubavuni mwa jabali, kushoto ukuta, kulia shimo, na ukitazama chini unaona malori madogo kama mbegu. Njia nzima magari yalikuwa yamesimama na boneti wazi, moshi unatoka: malori, mabasi, Wafaransa wawili, Wajapani wa pikapu watatu, Mjerumani mmoja. Madereva wamekaa juu ya mawe wanangoja injini zipoe. Baba aliwataja mmoja mmoja kwa kabila zao, anapunga mkono. Na pale pale, kwenye kona mbaya kuliko zote, tukamkuta Mwingereza mzee, rangi imemtoka, amejaza magunia mpaka juu, anapanda kwa mwendo wa mtu mzima mwenye fimbo. Hapumziki, hasimami.

"Unamwona?" Baba akasema kwa sauti ya mapenzi. "Unamwona baba yako?"

Akampigia honi ya heshima. Halafu Mjapani wetu akampita, kimya, baridi, mshale wa joto haujasogea. Kileleni Baba alisimama, akaweka kiganja juu ya boneti, akasikiliza. "Huyu siye mtu wa kawaida," akasema. Ndipo nilipojua amempenda.

Iringa, Makambako, Njombe: siku tuliyoipoteza kwa ajili ya mkanda

Wengi mmeuliza mbona tulichelewa. Jibu ni Iringa. Sista tulimshusha, lakini Baba alikataa kutoka mjini bila spea. Gari zima, halina kasoro, lakini yeye hawezi kusafiri bila sabuni ya mche, waya, kamba ya katani na mkanda wa feni wa akiba. Sabuni tuliipata dakika moja. Waya na kamba, dakika tano. Mkanda ulitumaliza siku nzima! Kila duka mkanda ni wa Mwingereza. Nilikasirika, nikamwambia, "Baba, gari halijaharibika!" Akanijibu kwa utaratibu kabisa, "Kwa hiyo unangoja liharibike?" Jioni akapata mmoja kwa fundi wa Kihindi, akautundika shingoni kama rozari.

Kesho yake, Makambako, baridi ilitupiga mpaka meno yakagongana. Mama wa Kibena aliyetuuzia chai na viazi alitusalimu, "Kamwene!", akamwona Baba bado na kiatu kimoja, akaenda ndani akaleta soksi ya sufu. Moja. Hakuuliza kitu. Watu wa baridi wana roho nzuri, sijui kwa nini.

Njombe Baba aliweka petroli kidogo tu. Nikamwambia ajaze, siku hizi ipo, kila kituo kinauza. Hakuzoea. Miaka ile petroli ilikuwa ya kibali, na dereva aliyesifiwa idarani alikuwa yule aliyerudi na mafuta kwenye tangi.

Lukumburu

Hapa nitaandika haraka, nisije nikaacha katikati.

Kwenye miteremko ya Lukumburu taa ndogo ya manjano iliwaka. Gari linakwambia lenyewe kwamba lina njaa! Mimi nikashangilia. Baba akaitazama ile taa, akautazama mteremko mrefu mbele yetu, na akafanya alichokifanya maelfu ya mara, alichokifanya kila dereva wa miaka ile ya dhiki: akaweka gari fri, akazima injini, akaliachia lishuke bure.

Mwingereza ukimzima mlimani habadiliki hata kidogo. Usukani wake ni mzito tangu asubuhi, unaendeshwa kwa mabega. Lakini wepesi wote ule wa Mjapani, kumbe, ulikuwa unatoka kwenye injini. Ilipozimika, usukani ukawa mzito kama kuna mtu amelishika gurudumu upande wa pili. Breki ikakubali mara moja, mara ya pili ikawa ngumu kama jiwe. Kona ilikuwa inakuja. Kushoto ukingo wa udongo, kulia hakuna kitu, anga tu na vichwa vya miti.

"Baba!" nikapiga kelele.

Akasimama kwa miguu yote miwili juu ya breki, akaukumbatia usukani, akauvuta kwa kifua, kwa mabega, kwa shingo. Nilisikia mkono wake ukilia, kitu kikakatika au kikateguka. Hakuachia. Akalipeleka gari kwenye ukingo wa kushoto, kwa hiari yake, taratibu, ubavu ukasugua udongo, ukasugua, kioo cha pembeni kikaruka, vitunguu vikaruka, tukasimama ndani ya mtaro.

Vumbi likatua. Niko hai. Nikamgusa, yuko hai. Nimefikiri sana tangu siku ile, na bado nasema: hakuna dereva mwingine wa Songea ambaye angetutoa pale. Kosa lilikuwa lake na kutuokoa kulikuwa kwake.

Baba alishuka, akakaa juu ya jiwe, ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Uso wake ulikuwa wa majivu. "Nilitaka kukuua," akasema. "Nilitaka kumuua mtoto wangu kwa ajili ya petroli." Akalia, mzee yule. Nikamkumbatia, nikalia naye.

Wakulima waliokuwa wanatoka mashambani wakaja na majembe begani. Pole mzee, pole dada. Wakalitoa gari mtaroni kwa mikono, kisha wakafanya kile kila mtu wa kwetu anachofanya gari likisimama: wakajipanga nyuma kulisukuma liwake. Mtu wa kushika usukani alikuwa nani? Baba mkono haunyanyuki. "Kaa wewe, dada!" Nikakaa. Wakasukuma. Wakasukuma tena, wanaimba, jasho linawatiririka. Haliwaki wala kukohoa.

"Sura ya bibi harusi," mmoja akasema huku anahema, "lakini limekataa kutembea."

Ndipo nikakumbuka maneno ya Salumu: hapa unawasha, wala hakutaja kusukuma. Nikarudisha ule mkono wa gia kwenye herufi ya kwanza, nikakanyaga breki, nikageuza ufunguo. Likawaka hapo hapo, kimya, kama halijapatwa na lolote. Wanaume kumi na wawili walisimama na mikono kiunoni wanatazama. Mmoja akaniuliza kama mimi ni mganga.

Madaba

Mkono wa Baba ulivimba kama mkate. Kufika Madaba, kilomita chache, nililiendesha mimi, kwa mwendo wa kuku, wakulima wawili kati ya wale wamening'inia milangoni wakinipa ushauri unaopingana.

Pale Mama Betha, muuza chai, alimkalisha Baba, akauweka mkono kwenye beseni la maji moto na chumvi, akaufunga kwa khanga yake mwenyewe. Tukala ugali na dagaa wa Nyasa, na wale wakulima wakatutafutia petroli ya dumu. Nilimlisha matonge kwa sababu mkono wa kushoto haukujua kazi.

"Tutafute dereva," nikasema.

"Dereva gani? Hapa nani amewahi kuona gari lisilo na klachi?" Akautazama mguu wangu. "Mguu wako wa kushoto haujawahi kujifunza uongo. Wewe ndiye unaweza."

Nilikataa. Nikakataa tena. Mwenzenu hata baiskeli nilianguka nayo! Lakini alikuwa ameshakaa kiti cha abiria.

Nawaambia ukweli, sijawahi kuona kitu kama kile. Chuma chote kile, mimi fundi cherehani wa Bombambili nakanyaga kidogo tu, kinakwenda. Naachia, kinapungua. Milima ya kwetu ikafunguka mbele yangu, mashamba, moshi wa vijiji, na vyote vinakuja kwangu kwa sababu mimi nimeamua. Na Baba, aliyekuwa hajaongea nasi kwa muda wote ule, akaongea njia nzima. "Usitazame boneti, tazama mbali. Toa mguu kabla ya kona, usingoje ikukalie. Ng'ombe mwangalie wa mwisho, wa kwanza ameshavuka." Vitu vyote alivyokuwa amevifungia kifuani akavitoa, kimoja kimoja. Kwenye mteremko niligusa ufunguo kwa bahati mbaya, akanipiga kofi la mkono, tukacheka mpaka nikasimamisha gari.

Leseni nimeipata baadaye. Msiniulize zaidi.

Mshangano

Mabati ya kwanza ya Mshangano, kwenye mlango wa Songea, yalipoonekana, nikasimama pembeni. Hapo ndipo hesabu yote ya safari ilipokuwa. Sharti la Osmundi lilikuwa Baba alifikishe yeye. Mjini watu walikuwa wanangoja, Mama anangoja, madereva wenzake wanangoja pale stendi.

"Baba, chukua usukani," nikasema. "Kwa mkono mmoja unaweza, ni barabara nyepesi. Hakuna atakayejua. Mimi sitasema mpaka nife."

Alishuka. Akavaa kiatu chake cha kushoto, akafunga kamba kwa taabu kwa mkono mmoja, hakutaka nimsaidie. Akavaa koti. Akaja upande wangu, nami nikafungua mlango nimpishe. Akaufunga.

"Osmundi nitamwandikia mwenyewe," akasema. "Nitamwambia gari limefika, na dereva amepatikana."

"Dereva ni wewe, Baba!" Nilikuwa nalia.

"Nilikuwa. Mjapani huyu ni mzuri kwa sura, ni mzuri kwa kazi, nimemkagua barabara nzima, sina la kumlaumu. Ila hataki mtu kama mimi, anataka mtu asiyejua ya zamani." Akafungua mlango wa nyuma, upande wa kushoto. "Maisha yangu yote nimewabeba wakubwa wakikaa hapa. Sijui hata mji huu unaonekanaje kutoka hapa. Leo nipeleke. Pitia stendi."

Nikampeleka. Sikuona vizuri kwa machozi, lakini nilitazama mbali, kama alivyonifundisha. Pale stendi madereva wenzake walituona: gari la fedha limekwaruzika ubavu, mwanamke kwenye usukani, na mzee nyuma, wima, koti limefungwa vifungo, mkono umefungwa khanga. Walisimama mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyecheka.

Nyumbani

Bombambili vigelegele vilianza kabla sijazima injini. Mama akaja mbio, akachungulia kiti cha mbele, akaniona mimi peke yangu, vigelegele vikamfia mdomoni. "Skola! Baba yako yuko wapi?"

Nikageuka. Baba alikuwa amekaa vile vile, anatazama mbele, mkono mzima juu ya goti. Mlango uko pale, kitasa kiko pale, hakigusi. Mwanzo nilidhani amezidiwa na maumivu. Kisha nikaelewa.

Nikashuka, nikaipangusa mikono kwenye gauni, nikazunguka nyuma ya gari mbele ya watu wote, nikamfungulia mlango.

Baba akashuka taratibu, akaweka koti lake sawa.

"Asante, dereva," akasema.